Soja wa Plastiki Hana Adui

Chini ya wayo wa soja wangu wa kwanza kuna maandishi madogo sana: geobra 1974. Nilimnunua Toi Market, kwenye gunia la vitu vya kuchezea vya mitumba, shilingi 50, hana upanga, hana farasi, chapeo yake imepasuka upande mmoja. Mama aliyekuwa akiuza aliniuliza, "Ni ya mtoto wa miaka mingapi, kijana wangu?" Nikamwambia mitano. Uongo. Nilikuwa na miaka 22, na wiki hiyo ndiyo nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa tatu, na deni la karo na begi moja la nguo.

Kwa miezi kadhaa niliamini soja wangu ni mzee kuliko babangu. Nilipenda hiyo hesabu. Halafu nikaja kujua kwamba 1974 ni mwaka wa umbo lake tu. Wenzake waliotoka kiwandani miaka mingi baadaye wana muhuri uleule unyayoni. Nilihisi nimenyang'anywa babu.

Sasa ninao kumi na wanane, wote wa mitumba, wote Playmobil. Watu wa rika langu wakiona rafu yangu huuliza kama niko sawa. Niko sawa. Ninasoma, kwa njia yangu. Nimekuwa nikiwasoma hawa masoja jinsi wengine wanavyosoma riwaya, na nina maoni.

Tuanze na mafuta. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani, na plastiki inatoka kwenye mafuta. Kampuni ya geobra Brandstätter kule Zirndorf, Ujerumani, ilikuwa ikitengeneza vitu vikubwa vya plastiki, na ghafla kila kilo ya plastiki ikawa pesa nyingi. Kulikuwa na jamaa pale kampuni, Hans Beck, aliyesomea useremala, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akichonga kisanamu kidogo ambacho wakubwa wake hawakukijali. Kisanamu kidogo kinakula plastiki kidogo. Kikatolewa kabatini. Februari 1974 kikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Nuremberg, na wafanyabiashara wengi wakakipuuza, mpaka kampuni moja ya Uholanzi ikakubali kununua mzigo wa mwaka mzima.

Kwa hiyo usinitajie mambo ya ndoto za utotoni. Soja wangu amezaliwa kwa sababu mambo yalikuwa magumu. Labda ndiyo maana tunaelewana.

Sasa mtazame. Urefu sentimita 7.5, anajaa kiganja cha mtoto. Kichwa kinazunguka, mikono inapanda na kushuka. Miguu yote miwili ni kipande kimoja: anaweza kuketi, hawezi kupiga hatua. Uso ni macho mawili na tabasamu. Pua hakuna, kwa sababu Beck aliwatazama watoto wanavyochora watu, na mtoto mdogo akichora mtu mara nyingi pua anaisahau. Basi. Hakuna kovu, hakuna ndevu za hasira, hakuna jina.

Mwaka ule wa kwanza waliingia sokoni aina tatu: masoja wa deraya, watu wa mjengo, na wenyeji wa Marekani. Wote uso mmoja. Mvue soja chapeo, umvue fundi kofia ya mjengo, hutajua nani alikuwa akipanda farasi na nani alikuwa akibeba mawe. Mimi nimebeba mawe, miezi minne, kwenye jengo la ghorofa huko Ruaka baada ya chuo, na nakwambia hiyo si kazi ndogo ambayo Beck alifanya. Hadithi za enzi za mashujaa siku zote zinatuambia kwamba shujaa anazaliwa shujaa, damu yake ni tofauti. Huyu wa plastiki anasema tofauti ni kofia.

Linganisha na wa siku hizi. Mwaka 2020 Playmobil yenyewe ilitoa Novelmore: masoja wenye silaha za ajabu, mwanamfalme anayeitwa Arwynn, deraya isiyoshindwa inayoitwa Invincibus, na genge la Burnham linaloitaka hiyo deraya kwa udi na uvumba. Ikaja na katuni yake. Kazi ya mikono ni safi, hilo siwezi kukataa. Rangi zinawaka, ngao zina nakshi ambayo soja wangu wa 1974 angelia akiiona, kama tu angeweza kulia. Lakini ukifungua boksi, vita vimeshaanza bila wewe. Umeshaambiwa nani mzuri, nani mwizi, na wanapigania nini. Kazi iliyobaki ni kurudia.

Hata kwa watu wazima ni hivyohivyo. Kuna Mythic Legions za Four Horsemen, Wamarekani walioanza hiyo kazi kwa kuchangisha pesa Kickstarter mwaka 2015. Hao ni wa ajabu kweli: unang'oa kichwa, mkono, deraya, unampachika mwingine. Nimewaona kwa skrini tu, bei yake ni kodi ya nyumba. Lakini tazama jambo hili: wana majina na historia za kurasa, na bado kampuni inauza askari wa kawaida wa kujaza jeshi, wasio na makuu yoyote, na wakusanyaji wanawanunua kwa wingi. Si kwa sababu hao ndio unaoweza kuwafanya unavyotaka?

Na wale wanaoacha visanamu ndani ya boksi, plastiki haijatobolewa, mimi siwaelewi. Ni kununua kitabu na kukataa kukifungua kwa sababu karatasi itakunjika.

Ushahidi wangu ni mpwa wangu, ana miaka sita, mtoto wa dadangu ninayeishi kwake. Mwanzoni masoja kumi na wanane walikuwa abiria. Boksi la viatu lilikuwa matatu, yule wa chapeo iliyopasuka alikuwa konda, mwingine alikuwa wa boda kwa sababu "ako na helmeti". Adui alikuwa kanjo, na kanjo ilikuwa slipa ya dadangu. Nilikaa nikisikiliza mchezo huo jioni nzima na sijasoma hadithi nzuri kama hiyo mwaka huu.

Kisha akaona katuni ya Novelmore kwa simu yangu. Kosa langu. Siku iliyofuata matatu ilikuwa imefungwa biashara. "Huyu ni Arwynn. Hao ni Burnham." Konda wangu asiye na upanga akawekwa upande wa Burnham, na kila jioni alipigwa.

Lakini nisijifanye kwamba tabasamu lile la zamani halina shida. Lina shida, tena kubwa. Beck hakutaka vitisho wala damu kwenye kazi yake, na nia hiyo ni njema, ila ikampa dunia ya vita ambayo wote wanacheka. Soja anacheka, mwenyeji wa Marekani anacheka, na anayejua kilichowapata wenyeji wa Marekani anajiuliza huyo wa pili anacheka nini.

Na sisi pia hatuko mbali. Meli za Wareno zilizokuja pwani yetu zilikuwa na msalaba mwekundu kwenye matanga, alama ya Shirika la Kristo, chama cha mashujaa wapanda farasi kilichoanzishwa 1319 na kurithi mali za Watemplari kule Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaja Mombasa, akaipora na kuichoma. Ngome tuliyopelekwa na shule kupigia picha ilianza kujengwa 1593, baada ya hayo yote. Watu wa deraya walishafika hapa. Kwenye hadithi yetu wao ndio Burnham.

Nilimweleza mpwa wangu, kwa ufupi, bila mambo ya kutisha. Sikujua kama amesikia. Kesho yake jioni nilikuta boksi la viatu limegeuzwa mji, na ndani yake mna vifuniko vya soda na slipa moja ya dadangu, ambayo sasa ilikuwa upande wetu. Masoja kumi na saba walikuwa nje, wamelala. Mmoja alikuwa amesimama, yule wa chapeo iliyopasuka, ameshikishwa njiti ya kiberiti.

"Anko," akaniambia, "na kama ni yeye amechoma mji, mbona anacheka?"

Nikamwambia wote wametengenezwa hivyo.

Akamwangalia kidogo. Kisha akamshika kichwa, akakizungusha mpaka uso ukaangalia nyuma, akaendelea kucheza.