Kiatu cha Kuteremkia

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kamwe sikuitilia shaka mpaka niliponunua jozi moja ya viatu. Viatu hivyo vilijiuza kweli. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vimechongoka mbele kidogo, na soli yake ilikuwa ngumu na laini kama sahani. Nilimketisha mpwa wangu kwenye stuli ya duka moja pale Masasi, nikabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba nione kama vidole vyake vina nafasi, kisha nikamwambia atembee hatua tatu juu ya sakafu ya saruji. Akatembea. Nikalipa. Hivyo ndivyo nilivyovihukumu viatu hivyo, na sikujua kwamba hukumu ile ilikuwa na kasoro kubwa.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Anayetoka kwetu kwenda Masasi hana budi kuteremka. Akishafika chini ndipo huanza kuona vile vilima vya mawe vya Masasi vimesimama kila kimoja peke yake. Shule aliyosoma mpwa wangu ilikuwa huko chini. Mwezi Aprili 1996, likizo ilipokwisha, aliondoka alfajiri na baiskeli yangu aina ya Phoenix, sanduku lake la bati limefungwa kwenye keria kwa mpira. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa amevaa viatu vipya, maana ndivyo shule ilivyotaka, na ndivyo nami nilivyotaka.

Mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli hakai kwenye kiti kama mfalme. Husimama juu ya pedeli mbili zilizolala sawa, moja mbele na moja nyuma, visigino amevishusha, na uzito wake wote uko nyayoni. Kwa hiyo kiatu ndicho kinachomshikamanisha na chombo. Palipo na jiwe, baiskeli iliruka kidogo, mguu wa kushoto ukateleza, pedeli ikazunguka na kumpiga ugoko, usukani ukageuka, sanduku likamsukuma kutoka nyuma. Alivunjika mtulinga. Mfupa uliunga, lakini bega la kushoto limebaki chini kidogo kuliko la kulia hadi leo.

Dada yangu hakupiga kelele. Alisema tu: "Kaka, ulimnunulia mwanangu viatu vya kupigia picha."

Msomaji anayezijua mila zetu ataelewa uzito wa neno hilo. Kwetu Wamakonde, mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sehemu kubwa katika malezi yake. Sikuwa na mtu wa kumsukumia lawama. Tangu siku ile nimekuwa nikitazama miguu ya waendesha baiskeli kama wengine wanavyotazama nyuso, na haya ninayoyaandika ni tahakiki ya mtu aliyechelewa kujifunza.

Nianze na mguu mtupu, maana huo ndio kiatu cha kwanza. Mguu mtupu hushika pedeli vizuri ajabu: vidole hukunjika kwenye ukingo, na unyayo huhisi kila badiliko. Lakini pedeli zetu nyingi zimekwisha mpira wake, pengine umebaki ule msumari wa chuma tu, na chuma hakina huruma na unyayo. Tena mguu mtupu hauna kinga siku utakapolazimika kuutua chini katikati ya mawe.

Kandambili ina soli laini inayokubali kuumana na pedeli, na hilo ni jema. Kasoro yake ni ulegevu. Hujipinda juu ya pedeli kama chapati, na katika mteremko mguu husonga mbele hadi mkanda ung'oke. Yeboyebo ya plastiki ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa huteleza mara mbili: soli yake huteleza juu ya pedeli, na mguu wenye jasho huteleza ndani yake.

Katambuga inastahili heshima. Imekatwa kutoka tairi la gari, na mpira wake ulitengenezwa ili ushike barabara. Haiishi upesi, haiogopi mwiba. Lakini fundi hawezi kuliondolea tairi umbo lake lote la duara. Soli hubaki na mbinuko, na juu ya pedeli hupepesuka kama mtumbwi usio na shehena. Isitoshe, vidole viko nje.

Kwa maoni yangu, kati ya vile tulivyokuwa navyo, kilichokaribia ukweli ni raba ya turubai, ile yenye soli bapa ya mpira tangu kisiginoni hadi vidoleni. Haina kisigino cha kukwama, haina mbinuko. Udhaifu wake ni wembamba: baada ya mwendo mrefu pedeli huanza kuuchoma unyayo katikati, na mguu huchoka kwa kujikunja. Hata hivyo, bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya vile viatu vya ngozi. Ningaliijali njia kuliko macho ya watu, ningalinunua raba na kumwambia kijana abebe viatu vya shule ndani ya sanduku.

Sasa nieleze habari ya kiatu cha tano. Miaka michache iliyopita, katika lundo la mitumba sokoni Masasi, niliokota kiatu kizito chenye soli bapa, nene, iliyojaa vidoadoa vya mviringo. Kilikuwa na jina la Five Ten. Nilikibonyeza kwa ukucha. Mpira ukabonyea na kurudi taratibu, kama unga uliokandwa. Nikatafuta mwenzake mpaka nikampata, nikalipa shilingi 15,000.

Baadaye nilipata kujua asili yake. Five Ten ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Charles Cole, mpanda miamba, na mpira wake ulioitwa Stealth ulikusudiwa kuwashikilia watu juu ya mawe matupu. Kisha ukahamia kwa waendesha baiskeli za milimani. Katika miaka ya 1990, huko British Columbia nchini Kanada, ulikuwa umekua mchezo uitwao friraidi, yaani kuteremka mlima kwa njia aliyojichagulia mtu mwenyewe, akiruka mawe na magogo. Wakati huohuo viatu vinavyojibana kwenye pedeli kwa kikwazo cha chuma vilikuwa vimeenea. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilivitoa kwa baiskeli za mashindano ya barabarani mwaka 1984, na Shimano ya Japani ikatoa vya milimani mwaka 1990. Wengi katika wanafriraidi walivikataa, wakabaki na pedeli bapa. Sababu yao ni ileile ya mchukuzi wa korosho wa Newala: hatari ikija, mguu uwe huru kutua chini.

Nilikivaa kiatu hicho na kuteremka nacho. Waama, kinashika. Soli haijikunji ovyo, ncha yake ni ngumu na inalinda vidole, na jiwe likigonga tairi mguu hautoki mahali pake. Lakini nisikisifu kupita kiasi. Ni kizito, kina joto, na kikilowa hakikauki kesho yake. Kilitengenezwa kwa mtu anayeteremka kwa furaha, peke yake, juu ya baiskeli yenye springi na breki za diski. Kwetu anayeteremka na gunia la korosho au madumu ya maji anazo breki za vyuma zinazobana ringi, na akifika chini atapanda tena kwa miguu akiisukuma baiskeli. Kiatu kisichojua kupanda kinajua nusu ya kazi yetu.

Kwa fahari nilimpelekea mpwa wangu. Siku hizi yeye ni fundi baiskeli pale Masasi, mwenye mke na watoto. Alikipindua, akakipitisha kidole gumba kwenye soli, akauliza:

"Pedeli zake ziko wapi, mjomba?"

"Pedeli gani tena?"

"Shikamoo yangu bado ni palepale, mjomba, lakini kiatu hiki kimenunuliwa nusu. Huu mpira laini unataka pedeli pana ya chuma yenye vijino. Vijino vinaingia kwenye mpira, ndipo mguu unatulia. Ukikiweka juu ya pedeli ya Phoenix iliyokwisha, umeoa bila mke."

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Nikaanza kupiga hesabu upya ya ile asubuhi ya 1996. Viatu vilikuwa na kosa, ndiyo. Lakini pedeli za baiskeli yangu zilikuwa zimelika muda mrefu. Nilijua, nikawa naahirisha kila msimu wa korosho. Pengine hata raba isingemwokoa. Kinu hakihukumiwi bila mchi, na mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikikihukumu kiatu peke yake, kwanza kwa kukisifu dukani, halafu kwa kukilaumu njiani. Kukilaumu kiatu kulikuwa na nafuu yake: duka lilikuwa la mtu mwingine, baiskeli ilikuwa yangu.

"Ulijua kwamba ni pedeli?" nilimuuliza.

"Nilijua tangu siku ileile," akasema, akaendelea kukaza spoku.

Hakuwahi kumwambia mama yake.

Mwaka huu binti yake ameanza sekondari, na sheria ya viatu vyeusi ingalipo. Nilijitolea kununua mimi. Nilikwenda dukani na pedeli moja mpya ndani ya mfuko, na kila kiatu nilichoonyeshwa nilikipindua nikakisugua juu yake, kwanza kikavu, kisha nikakilowesha kwa maji ya kunywa. Mwenye duka alinitazama kama mgonjwa. Vya kwanza viling'aa na kuteleza, vya pili vivyo hivyo. Vya nne vilikuwa vyeusi tii visivyo na mng'ao wowote, soli bapa ya mpira, mshono mnene. Binti alikunja uso akasema vinafanana na vya askari mgambo.

Nilivinunua hivyohivyo. Pedeli nikamwachia baba yake, naye akaifunga na mwenzake kabla jua halijazama.