Kimbilio na Mkimbizi: Tuzisomeje Zaburi?

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, 2017, watu wa majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walianza kuvuka mpaka kwa wingi na kuingia Zambia. Waliyakimbia mapigano baina ya majeshi ya serikali na makundi ya wanamgambo, pamoja na uhasama wa jamii kwa jamii. Walipokewa katika kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge, wilaya inayopakana na Ziwa Mweru. Kabla ya mwaka ule kwisha idadi yao ilizidi 10,000, na wengi wao walikuwa watoto. Tangu mwanzo wa mwaka 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya iyo hiyo.

Habari hii inatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili ni lugha ya mawasiliano katika sehemu walizotoka watu hao, pamoja na Kibemba, Kiluba na Kitabwa. Bali upande wa Zambia lugha inayotawala ni Kibemba. Pili, wengi wao ni Wakristo. Mtu aliyefika na mkeka na sufuria tu amefika pia na maneno aliyoyapata kanisani, na maneno hayo hayawezi kuporwa njiani. Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza neno moja miongoni mwa hayo, nalo ni kimbilio, na kuuliza jinsi tunavyozisoma na kuzifundisha Zaburi zinazolitumia.

Tuanze na sarufi. Kitenzi kimbia kikiingizwa katika kauli ya kutendea hupata kimbilia, yaani kukimbia kuelekea mahali au kwa mtu fulani. Kutokana na kimbilia tunapata jina kimbilio, kama vile tegemea inavyotupa tegemeo. Kutokana na kimbia tunapata mkimbizi, kama vile lea inavyotupa mlezi, na nunua ikatupa mnunuzi. Basi kimbilio na mkimbizi ni ndugu wa shina moja. Yule anayemwita Mungu kimbilio lake amekwisha kukiri kwamba yeye mwenyewe ni mkimbizi, hata kama hajapata kutoka kijijini kwake.

Jambo hili sikuliona mapema. Mwaka mmoja niliwaomba wanafunzi wangu waeleze maana ya neno kimbilio. Mmoja akajibu upesi, "Ni Mungu, mwalimu." Mwingine, aliyekuwa ameketi nyuma, akauliza, "Na huyo mtu anakimbia nini?" Darasa zima likacheka. Mimi nami nilitabasamu, nikaendelea na somo. Siku nyingi zilipita kabla sijatambua kwamba mwanafunzi yule alilielewa neno kuliko sisi sote. Pasipo hatari, kimbilio ni neno tupu.

Tukizisoma Zaburi katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, tunaona kwamba watunzi wake hawakulisahau swali hilo. Zaburi ya 46, ambayo huanza kwa kumtaja Mungu kuwa kimbilio, mara huleta nchi inayotikisika, maji yanayovuma na mataifa yenye ghasia. Zaburi ya 91 ina mitego, mishale na tauni. Hata ile ya 23, ambayo watu wengi huijua kwa moyo, ina bonde la kutisha, na karamu inayoandaliwa huku adui wakitazama. Faraja katika mashairi haya haitenganishwi na hatari. Hutamkwa katikati yake.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kitabu hiki ni malalamiko. Katika Zaburi ya 13 mtunzi anamwuliza Mungu mara nne kuhusu muda wa mateso yake, kisha anamalizia kwa tumaini. Katika ile ya 44 taifa zima linateta kwamba limetawanywa ilhali halikulivunja agano. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani; haina shukrani mwishoni. Na waliolikusanya kusanyiko hili hawakuiondoa.

Umbo la mashairi haya linasaidia kazi hiyo. Hayategemei vina wala mizani kama mashairi yetu ya mapokeo. Nguvu yake imo katika mawazo yanayokwenda wawili wawili: kauli ya kwanza hutoa jambo, ya pili hulirudia kwa maneno mengine au huliongeza uzito. Kwa hiyo uzuri wake haukupotea katika tafsiri. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, alijaribu njia nyingine alipoitoa kazi yake, Utenzi wa Zaburi, mwaka 1965. Kwa kufanya hivyo aliziingiza Zaburi katika bahari inayokaririka na kuimbika. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, mwalimu anayefundisha utenzi wowote wa namna hii hana budi kuwa macho, maana mwendo sawa wa mizani minane huweza kumfanya msomaji akipitie kilio kwa sauti ile ile ya shangwe.

Kosa, basi, si la Zaburi. Ni la kuchagua kwetu. Katika sherehe zetu, misibani na katika nyimbo nyingi za kwaya, aghalabu twachukua mistari ya faraja na kuiacha ya malalamiko. Matokeo yake ni kwamba mwenye shida hufundishwa kuwa kumtegemea Mungu ni kunyamaza, na kwamba anayeuliza "mpaka lini?" amepungukiwa na imani. Hayo Zaburi hazikuyasema. Kulalamika mbele ya Mungu ni kuamini kwamba yupo na kwamba anasikia; hakuna mtu anayeulalamikia ukuta. Kazimoto, katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Kichwamaji (1974), ni msomi aliyepoteza tumaini akaishia kujiua. Tukimweka karibu na mtunzi wa Zaburi ya 88 twaona kwamba giza lao linafanana. Tofauti ni kwamba mtunzi yule bado ana wa kumwambia.

Wapo pia wahakiki wanaodai kwamba maneno ya kumtegemea Mungu huwalaza watu, wakaacha kuuliza ni nani aliyewafukuza makwao. Hoja yao haifai kudharauliwa. Inazihusu nyimbo zinazolitaja kimbilio zikaficha hatari. Lakini haizigusi Zaburi zenyewe, kwa kuwa hizo humtaja adui waziwazi. Wahenga nao walizishika pande zote mbili: walisema "Mungu hamtupi mja wake", na papo hapo wakasema "Mtaka cha mvunguni sharti ainame". Tena mkimbizi hangojei kuhubiriwa juhudi. Aliyembeba mtoto mgongoni mpaka ng'ambo ya mpaka amekwisha kuinama vya kutosha.

Walimu wenzangu, nashauri mambo mawili. Kila tunapofundisha Zaburi ya faraja, tufundishe pamoja nayo moja ya malalamiko, mathalani ya 46 na ya 44, ili mwanafunzi aone kwamba sauti zote mbili zimo katika kitabu kimoja. Pili, tunapomwomba mwanafunzi atunge shairi au insha juu ya msaada wa Mungu, tumwachie nafasi ya kutaja lililompata. Tusimkatie alama kwa kuwa mtungo wake haukumalizika kwa furaha.

Mtoto aliyefika Kenani mwaka 2017 akiwa na miaka 8 amekwisha kuwa kijana. Huenda yumo katika darasa la mmoja wetu, popote Kiswahili kinapofundishwa. Siku atakapoulizwa maana ya kimbilio, atakuwa na jibu lake, na katika jibu hilo atataja alichokikimbia. Wajibu wetu ni kumsikiliza mpaka mwisho, na kutomharakisha afike penye faraja kabla yeye mwenyewe hajafika.