Breki Haihukumiwi kwa Sikio

Jumamosi iliyopita, pale stendi ya Lushoto, vijana sita walikuwa wameizunguka baiskeli moja ya mlimani wakiisifia kama bibi harusi. Ilikuwa imetoka kwa fundi jana yake. Mmoja akainua gurudumu la mbele, akalizungusha, likazunguka kimya. "Hizi ndizo breki," akasema, na wenzake wakaitikia. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu kwa amani. Nikaweka kikombe chini.

Gurudumu kuzunguka kimya si sifa. Hata lisilo na breki kabisa huzunguka kimya.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita thelathini na kitu za mteremko kupitia Soni, na hiyo ni lami. Anayeiacha lami akashuka na vijia vya mashambani hukutana na mizizi, mawe na ule udongo mwekundu ambao mvua ikipita huwa sabuni. Huko breki hushikwa dakika kumi mfululizo, na huko ndiko kazi ya fundi inakopimwa. Wanaosifia breki stendi hawajawahi kufika huko, au walifika wakateremka kwa miguu.

Sasa nikwambie jambo ambalo asiyeijua kazi hii halioni kamwe. Chuchumaa mbele ya gurudumu, weka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, kile kibanio cha diski, uchungulie kati ya pedi. Utaona mianya miwili myembamba, mmoja kila upande wa diski. Shika breki kwa kidole kimoja, polepole mno, kama anayekagua embe lililoiva. Usitazame pedi, tazama diski. Kwenye breki iliyotengenezwa, mianya yote miwili huziba kwa pamoja na diski hubaki imesimama pale pale. Kwenye breki ya kubahatisha, pistoni moja hutangulia, pedi yake huisukuma diski na kuipinda hadi ikutane na pedi ya pili ambayo haijatoka hata kidogo. Ukiachia, diski hurudi mahali pake. Gurudumu huzunguka kimya, na mpita njia husifu.

Mambo huanza na pistoni iliyokwama kwa vumbi na matope yaliyokauka. Mwenzake hufanya kazi ya wawili. Diski ikianza kukwaruza, fundi wa haraka hulegeza bolti mbili za kalipa, huisogeza pembeni kidogo, hukaza. Kelele imekwisha, mteja ameondoka, ugonjwa umebaki ndani. Baada ya wiki mkono wa breki unakuwa laini kama sponji kwa sababu nguvu ya kidole inaishia kwenye kupinda chuma. Mteja anarudi, anaambiwa mafuta yameingia hewa, anatozwa tena ya kutoa hewa, na hewa yenyewe haikuwemo.

Mzee aliyenifundisha alikuwa na kibanda cha mabati na benchi moja. Kwanza alitoa gurudumu, kisha pedi. Pistoni yenye haraka aliizuia kwa kijiti cha plastiki cha kutolea tairi, akavuta mkono wa breki taratibu hadi ile mvivu ichungulie milimita mbili hivi. Ukizidisha inachomoka, mafuta yanamwagika na siku yako imeharibika. Aliifuta pembeni kwa kijiti cha pamba chenye tone la mafuta yale yale yaliyomo ndani ya breki, akairudisha kwa plastiki. Bisibisi hakuigusa, maana pistoni nyingi za Shimano ni za kauri na hupasuka. Akarudia mara tano, mara kumi, hadi zitoke pamoja kama pacha. Saa nzima kwa gurudumu moja! Wateja walimlalamikia: "Mzee, si inazunguka?" Alikuwa hajibu. Alikuwa akitafuta karatasi yake.

Matapeli nao wana ufundi wao. Wapo wanaopiga mafuta kwenye diski inayolia. Kweli inanyamaza, na kusimama pia imeacha. Pedi ikishanywa mafuta ni ya kutupa, hata uichome jikoni mara ngapi. Wapo wanaomimina mafuta ya breki ya gari, DOT, kwenye breki za Shimano zinazotumia mafuta ya madini. Mwanzoni breki inashika vizuri, kisha sili za mpira zinaharibika na kalipa nzima inakuwa mapambo. Yupo mmoja, simtaji, aliyekuwa na ujanja wa kuvutia zaidi: anajaza mafuta wakati pedi zimeisha na pistoni zimetoka nje. Mkono unakuwa mgumu kama jiwe, mteja anafurahi. Siku ya kuweka pedi mpya haziingii, maana pistoni hazina pa kurudi.

Mengine nayataja tu. Diski iliyogongwa maandishi ya kuruhusu pedi za resini peke yake isiwekewe pedi za chuma, zitaila. Kwa matope ya Usambara nataka pedi za chuma na diski inayozistahili. Diski ya mbele iwe ya milimita 180 au zaidi. Ya 160 waachiwe wa tambarare. Pedi mpya zishikwe mara ishirini, thelathini hivi, bila kufunga gurudumu, kabla ya kuziamini. Breki ya mbele iwe mkono wa kulia. Najua mitumba mingi ya Ulaya bara huja na ya mbele kushoto, na najua wapo wanaoendesha hivyo miaka yote bila kuanguka. Wamekosea. Na paipu iwe nyeusi. Fundi anayeanza na paipu za rangi na bolti za dhahabu anaficha kitu.

Enzi za baiskeli za Phoenix, breki zilikuwa vyuma vitupu, kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Ukivuta, unaviona vikipanda na kubeba vipande vya mpira. Hazikusimamisha vizuri, hasa rimu ikilowa, nakubali. Lakini hata mtoto wa darasa la pili alijua ipi mbovu kwa kuitazama, na fundi hakuwa na mahali pa kuficha uvivu wake. Siku hizi uvivu unajifungia ndani ya kalipa na kulipwa kama utaalamu.

Pale stendi niliomba karatasi. Nikapewa ukurasa wa daftari. Nikachuchumaa, nikamwambia mwenye baiskeli ashike breki taratibu. Diski ikalala upande kama ukuti. Nikamwonyesha, kisha nikazitoa pedi mbele yao wote: ya ndani ilikuwa imelika hadi karibu na bati, ya nje bado na alama za kiwandani. Kijana alikuwa ashuke Mombo asubuhi hiyo. Alishuka kwa basi, baiskeli ikiwa juu ya keria. Zile pedi ninazo kwenye kopo la misumari. Anayebisha aje azione.