Lori la Majani kwa Kipimo cha 22.5

Reli haijawahi kufika Magwagwa, kaunti ya Nyamira. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Milima ya Gusii ikaachwa kusini. Mtu wa Magwagwa aliyetaka kuona treni alishuka Sondu, akapitia Ahero, akaenda kuiona Kisumu. Kilichopanda huku juu ni barabara, na barabara ikaleta lori la majani chai na matatu. Ndiyo maana mtoto wa huku akipata waya hatengenezi treni, anatengeneza lori.

Kwingineko duniani kuna watu wazima, wenye mvi na pensheni, wanaojenga reli ndogo nje ya nyumba zao, katikati ya maua. Wengi wao hutumia njia yenye upana wa milimita 45. Upana huo ni wa zamani, lakini ulioupa umaarufu bustanini ni mfumo wa LGB, ambao kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, iliutoa mwaka 1968. Lehmann hawakuiga treni kubwa za miji. Waliiga treni za milimani, zile za njia ya mita moja, na ili mita moja iwe milimita 45 wakapunguza kila kitu karibu mara 22.5.

Mita moja ndiyo njia yetu. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina upana wa mita moja kamili, kwa hiyo njia ya bustanini ya Mjerumani inaitosha kuliko inavyoitosha treni ya London. Chukua zile Garratt za kundi la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima. Moja yao, Mount Gelai, imesimama kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Ina urefu wa karibu mita 31.7 na uzito wa tani 252. Ukiipunguza kwa 22.5, unapata injini ya mita 1.41. Uzito haupungui kwa 22.5 tu, hupungua kwa 22.5 mara tatu mfululizo, yaani zaidi ya mara 11,000, na lile dude la tani 252 linakuwa la kilo 22. Mzee mmoja anaweza kulibeba, akiwa na mgongo mzuri.

Reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Ukitaka kuiweka juu ya njia hiyo hiyo ya milimita 45, lazima upunguze mara 32. Basi fundi anaamua mapema anajenga Kenya ipi, kwa sababu matatu ya kipimo cha 22.5 ikiegeshwa kando ya behewa la kipimo cha 32 itaonekana kubwa kama lori, na hapo hata mtoto atakwambia kuna kitu hakiko sawa.

Mimi treni haziniumizi kichwa. Kinachonivuta ni gari linalosubiri nje ya stesheni. Stesheni yoyote ya Kenya bila matatu langoni ni uongo, na reli yoyote inayopita nyanda za chai bila lori la majani kwenye kivuko chake ni uongo zaidi. Sasa gari hilo hulipati dukani. Viwanda vya Ulaya vinatengeneza magari ya Ulaya. Anayetaka Toyota HiAce yenye mstari wa manjano, au Isuzu iliyobeba majani ya Nyamira, ajenge mwenyewe.

Na hapa ndipo watoto wa Magwagwa wanaponishangaza. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kile cha bati chenye meno 21. Upana wake ni milimita 32 hivi. Gurudumu la HiAce, pamoja na tairi lake la inchi 15, lina kimo cha karibu milimita 700. Gawanya kwa 22.5, unapata 31. Kifuniko kimepishana na gurudumu la kweli kwa milimita moja tu. Mtoto akikigonga kwa jiwe mpaka kilale bapa, kinapanuka na kukaribia milimita 38. Tairi la lori la wastani, lile la Isuzu za kubebea majani, lina kimo cha milimita 850 hivi, na ukiligawanya unapata 38. Hakuna aliyewapangia. Soda ilikuja na gurudumu la matatu, nyundo ya jiwe ikatoa gurudumu la lori.

Waya nao. Waya wa milimita mbili, wa kufungia ua au wa mabaki ya ujenzi, ukiuzidisha kwa 22.5 unakuwa bomba la milimita 45, na bodi ya lori la majani ni fremu ya vyuma vya unene wa namna hiyo hiyo. Mtoto anaukunja kwa meno na kwa vidole, mwenye bahati kwa plaisi ya babake. Anaanza na chesi, nondo mbili sambamba, kisha vipande vya kukatiza, kila kiungo amekizungushia waya mwembamba mara kadhaa na kukikaza. Ekseli ya mbele anaiacha izunguke, anaiunganisha na kijiti kirefu kinachofika kiunoni, juu yake usukani. Halafu anakimbia nalo barabarani akinguruma kwa mdomo, na akifika mlimani anapunguza gia. Sikiliza vizuri: anapunguza gia mahali hasa ambapo lori la kweli hupunguza.

Huko kusikiliza ndiko ninakokusifu. Fundi wa gari dogo haanzi na mkono, anaanza na jicho na sikio. Lori la majani linasimama kwenye kituo cha kununulia chai, karani anapima, magunia yanapakiwa. Mtoto aliyekaa ukingoni ameona kwamba bodi hiyo haikuzibwa kwa mbao. Iko wazi kupitisha hewa, ina kulabu za kuning'inizia magunia, kwa sababu majani mabichi yakigandamana hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Basi na lori lake la waya lina kulabu, ingawa halijawahi kubeba hata jani. Mchongaji wa sanamu angesema ameelewa mfupa kabla ya nyama.

Kinachokosekana ni kipimo. Lori la waya mara nyingi lina kichwa kikubwa kuliko haki yake, na magurudumu ya nyuma yamesogea mbele, kwa kuwa macho hupenda uso wa gari na kusahau mkia. Fundi wa reli ya bustani hutibu hilo kwa karatasi. Anakwenda kwenye gari halisi na utepe wa kupimia, anaandika urefu, upana, kimo, umbali kati ya ekseli na ekseli, kimo cha bampa kutoka ardhini, kisha anagawanya kila namba kwa 22.5. HiAce ya kawaida ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695, kimo 1,980. Kwenye karatasi yake zinakuwa 209, 75 na 88. Karatasi hiyo inabandikwa ukutani na kuanzia hapo haibishaniwi.

Bodi hukatwa kwa bati la mkebe au kwa plastiki ngumu. Bati la unene wa robo milimita, likizidishwa, ni sawa na chuma cha milimita tano na nusu, na hakuna matatu yenye mlango mnene hivyo. Fundi mzuri anajua hawezi kupata bati la unene sahihi, kwa hiyo anapiga tupa zile kingo zinazoonekana tu, ukingo wa dirisha na wa mlango ulioachwa wazi, mpaka ziwe nyembamba kama wembe. Palipojificha anapaacha. Kioo kinatoka kwenye chupa ya plastiki ya maji, na hapo bahati inarudi, maana unene wake ukizidishwa unakaribia ule wa kioo cha gari.

Halafu rangi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo mimi hukaa muda mrefu zaidi nikitazama.

Rangi ya brashi iliyojaa, ya unene wa sehemu mbili za kumi za milimita, kwa kipimo chetu ni plasta ya milimita nne na nusu. Inameza mistari ya milango na vichwa vya rivet. Kwa hiyo gari huoshwa kwanza kwa sabuni kuondoa mafuta ya vidole, likauke, lipigwe praima nyembamba, lipigwe msasa laini kwa maji, lipigwe tena. Watu wa Gusii wanaijua kazi hii bila kufundishwa na Mjerumani. Nenda Tabaka, upande wa Kisii, uone jiwe la sabuni likimalizwa: wanaume wamechonga, na wanawake wameketi na karai la maji, wanasugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi ule mkwaruzo wa kisu upotee. Hakuna njia ya mkato kwenye karai hilo, wala kwenye bodi ya matatu ya sentimita 21.

Mstari wa manjano umekuwa lazima kwa matatu tangu kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004, zile ambazo wananchi waliziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Manjano ni rangi dhaifu. Ukiipaka juu ya rangi nzito, inatoka kijani au matope. Inapigwa kwanza, juu ya praima nyeupe, inaachwa ikauke kabisa, ndipo tepu ya kuzibia inabandikwa pale mstari utakapobaki, na rangi ya bodi inafuata. Mafundi wana ujanja mmoja ninaoupenda kuliko yote: kabla ya rangi ya pili wanapuliza manjano kidogo tena juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna mwanya, unajazwa na manjano, na manjano juu ya manjano haionekani. Rangi ya pili ikija inakuta mlango umefungwa. Tepu nayo haivutwi kwenda juu, hukunjwa na kuvutwa ikijilalia, polepole, rangi ikiwa bado haijawa ngumu sana.

Na Magwagwa kuna sharti jingine: paka asubuhi. Nyanda hizi zinapata jua la asubuhi na mvua ya alasiri kutoka upande wa ziwa. Rangi za thina kali zikipigwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hupata ukungu mweupe juu yake, na gari jekundu linakuwa la waridi la mgonjwa. Anayeanza saa nane mchana amejitafutia.

Gari likikauka linang'aa, na mwenye haraka hufikiri amemaliza. Mimi ninaliona bado ni la kuchezea. Kitu kidogo kikimetameta kinajisema kuwa ni kidogo. Rangi yenyewe hubidi ichanganywe iwe nyepesi kidogo kuliko ya gari la kweli, na juu yake vanishi isiyo na mng'ao, inayokinga jua pia, kwa kuwa gari hili litaishi nje. Kisha udongo. Ukichukua udongo mwekundu wa kando ya barabara ukaurushia gari, punje ya sehemu moja ya kumi ya milimita inakuwa kokoto ya milimita mbili na zaidi. Lazima usagwe, uchujwe kwa kitambaa, ubaki unga kama poda ya mtoto. Unapakwa kwa brashi kavu nyuma ya magurudumu, chini ya milango, kwenye mlango wa nyuma ambako vumbi hurudi na kukaa. Kioo cha mbele kinaachwa na nusu duara mbili safi za waipa. Kwenye lori la majani, zile kulabu na zile nguzo zinazoshikwa na wapakiaji kila siku haziguswi na vumbi, kwa sababu mikono imezing'arisha. Nimeona magari madogo ya bei kubwa yaliyokosea hapo, vumbi limemwagwa kila mahali sawasawa. Aliyeyatengeneza hakuwahi kuona lori likipakiwa.

Mzigo wenyewe ni rahisi. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, yakaanikwa na kutiwa rangi ya kijani, yanakaribia kimo cha chipukizi na majani yake mawili yakipunguzwa kwa 22.5. Chai ya Nyamira inaigiza chai ya Nyamira.

Linalobaki ni mvua ya mawe. Kericho, ng'ambo ya mto Sondu, ni miongoni mwa mahali duniani panaponyesha mawe siku nyingi zaidi kwa mwaka, na mawe hayo hayaulizi mpaka wa kaunti. Jiwe la milimita 20 likiangukia paa la matatu ya 22.5 ni sawa na mwamba wa karibu nusu mita ukianguka juu ya matatu ya kweli. Reli inaweza kubaki nje. Magari yaingizwe ndani wingu likianza kuwa jeusi.

Nina ombi moja kwa madereva wa malori ya majani na kwa makarani wa vituo. Mtoto akija na utepe wa kupimia, akachutama kando ya tairi na kuanza kuandika namba kwenye daftari la hesabu, msimfukuze. Mshikieni ule upande mwingine wa utepe apate urefu wote, kutoka bampa hadi mkia.