Mkwaruzo wa Gitaa na Masikio ya Ziwani

Wapo wasemao kuwa gitaa la hevi metali ni kelele tupu, na kwamba mwambao wa Kigoma na Ujiji, uliolelewa na rumba iliyovuka ziwa kutoka Kongo, hauna haja nalo. Kauli hiyo inaulaumu muziki ilhali ingefaa kukichunguza chombo.

Amplifaya ya metali huisukuma sauti ya nyuzi hadi mawimbi yake yakatwe vichwa. Hapo huzaliwa mkwaruzo, na mguso mwepesi na mzito hutoka kwa nguvu karibu moja. Nyuzi mbili zikipigwa pamoja huzaa pia sauti ambazo mpigaji hakuzipiga. Sauti ya kwanza na ya tano huvumiliana. Ya tatu huvurugika, ndiyo maana wapigaji wa metali hupenda kuishika ya tano. Kwa mpigaji wa rumba huu ni msiba, kwani solo lake mara nyingi hutembea kwa sauti za tatu na za sita, nazo ni kwake kama vina vya kati kwa mshairi. Gitaa la nyuzi 12, alilosifika nalo Ndala Kasheba, likichomekwa kwenye Mesa/Boogie Dual Rectifier, besi itafura na vina vyote vitazama.

Peavey 5150, iliyotoka mwaka 1992 kwa ushirika na Eddie Van Halen, ni kavu zaidi: nyuzi zilizozibwa kwa kiganja hukatika kama mizani iliyohesabiwa. Lakini nayo haina subira na sauti ya tatu. Marshall JCM800 ya mwaka 1981 ndiyo ya kuchaguliwa. Mkwaruzo wake ni wa kiasi (wapenda ukali huuona haba, wakaichomekea kiboksi cha kuongeza nguvu), na mpigaji akipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, ukali hushuka na vina hurudi.

Jambo hili si geni ziwani. Mpulungu, ilikotia nanga MV Liemba kutoka Kigoma kwa miongo mingi, ni bandari ya Zambia, nchi iliyozaa Zamrock miaka ya 1970. Albamu ya Amanaz, *Africa*, ya mwaka 1975, ina nyimbo za mkwaruzo mkali na nyingine za gitaa tulivu, na hakuna upande unaouonea haya mwingine. Bendi ya Ujiji yenye magitaa matatu yaweza kuupa mkwaruzo gitaa moja tu, lile lipigalo uzi mmoja mmoja, na kuyaacha mawili yasemezane kwa sauti safi.