Mzaha wa Mpita Njia na Utani wa Mwenye Kuzika

Kuna tawi la fasihi ya safari ambalo sisi wanafunzi hulisoma kwa kujificha, kana kwamba si fasihi: vitabu vya wasafiri wanaokwenda kwa makusudi penye vita, homa au ufukara, kisha wanarudi kwao kuchekesha watu. Bingwa wake mmoja, Mmarekani P. J. O'Rourke, alitoa *Holidays in Hell* mwaka 1988. Miaka kumi baadaye, katika *Eat the Rich*, Tanzania nayo ikapewa sura nzima, chini ya kichwa kinachotutangaza kuwa mfano wa watu wenye kila kitu wanaoambulia patupu.

Wapo wenzangu wanaosema haya ni matusi, yatupwe. Wengine wanasema ni mzaha tu, tusiwe wepesi wa kununa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea swali. Suala si kama tumechekwa. Suala ni hili: anayecheka ana wajibu gani kwa anayechekwa?

Tulipime hapa hapa Morogoro. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, katika safari ya kumtafuta Livingstone, alifika Simbamwene, mji wenye ukuta chini ya Milima ya Uluguru, ulioasisiwa na Kisabengo na wakati huo ukitawaliwa na binti yake. Katika *How I Found Livingstone* (1872) anausifu: nyumba kama 1,000 kwa makisio yake, minara, milango ya nakshi. Kisha masika yanamkamata. Bonde la Makata limefurika, punda wanakufa, mwenyewe anaugua. Na bado anachekesha! Kifani, bwana yule ni fundi. Wazungu wenzake wawili, Shaw na Farquhar, anawachora kama vikaragosi wa jukwaani.

Lakini hebu tutazame mizaha hiyo inamwangukia nani. Mpishi wake, aliyeshikwa na wizi mdogo mdogo, anachapwa viboko na kuamriwa atoke kambini. Amri ile, Stanley anatueleza, ilikuwa ya kumtisha tu. Mpishi hakujua kwamba ni mzaha. Akatokomea porini, asionekane tena. Askari waliotumwa kumtafuta wakakamatwa na mtawala wa Simbamwene. Shaw na Farquhar nao hawakurudi pwani. Wote wawili walifia bara. Msimulizi peke yake ndiye aliyefika kwao na kitabu mkononi.

Sasa tulinganishe na utani. Kwa Waluguru, ukoo una watani wake katika koo nyingine. Msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu, kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, na kusema yale ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ila mtani huyo huyo ana kazi zake pale msibani, na siku akifiwa yeye, zamu inageuka. Ruhusa ya kucheka imefungwa pamoja na jembe. Mpita njia ameichukua ruhusa, jembe ameliacha.

Je, msafiri anaweza kuandika vinginevyo? Anaweza. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na habari yake ikatoka kwa Kiswahili katika mkusanyiko wa C. Velten, *Safari za Wasuaheli* (1901). Huko kioja ni baridi, na kioja kingine ni yeye mwenyewe, mtu mweusi anayekodolewa macho. Mtu atanipinga: yule alikuwa mtumishi, angethubutu kumcheka nani? Hoja nzito, naikubali. Lakini ndiyo inayonisaidia: adabu ya maandishi yake imetokana na kujua kwamba naye anatazamwa. O'Rourke na Stanley waliandika kana kwamba wenyeji hawana macho.

Na sisi je? Mwanafunzi anapelekwa Mgeta au Matombo kwa mafunzo ya vitendo, anarudi na kisa cha barabara yenye utelezi na gari lililonusurika korongoni. Darasa zima linavunjika mbavu. Mama anayeteremka njia ile ile na tenga la mboga kichwani, masika na kiangazi, hayumo katika kisa. Au yumo kama kituko. Huo ni u-Stanley wa Kiswahili sanifu, jamani, na hauponi kwa sababu tu mwandishi ni mwenzetu.

Kwa hiyo sipendekezi vitabu hivi vifungiwe. Napendekeza visomwe darasani pamoja na Selim, na kila mzaha uulizwe maswali mawili: anayechekwa ana nafasi ya kujibu? Na akifiwa, mcheshi atakwenda kuzika?