Mpishi wa Dago na Ndizi za Nazi

Wavuvi wa dagaa hulala usiku mwezi unapokuwa mpevu. Taa zao, ambazo usiku wa giza huwavuta samaki hadi penye wavu, hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mashua hubaki ufukweni siku kadhaa, na dago zima, yaani kambi nzima ya wavuvi, huwa na kazi mbili tu, kushona nyavu na kula. Ndipo mpishi wa dago anapopata nafasi ya kupika kisichokuwa ugali wala wali, na aghalabu hupika ndizi mbivu za nazi.

Ukilitazama juu juu, ni pishi la mtoto anayejifunza. Ndizi, tui, sukari kidogo, iliki, chembe ya chumvi, vyote katika sufuria moja juu ya mafiga matatu. Hakuna unga wa kukanda wala mayai ya kupiga. Mimi nalipenda kwa sababu hiyohiyo: vitu vikiwa vichache, mkono wa mpishi unabaki uchi. Pilau ikimharibikia kidogo ataiokoa kwa bizari na kachumbari. Tui likikatika, kila mwenye macho ameliona.

Kazi huanza sokoni, kabla mashua haijang'oa nanga kwenda dagoni. Mpishi anayejua hanunui ndizi zilizoiva. Anachukua mkungu wa mzuzu uliokomaa, chana la juu likiwa ndio kwanza linageuka rangi, akautundike kibandani dagoni. Machana ya juu hutangulia kuiva, ya chini hufuata, kwa hiyo mkungu mmoja unampa ndizi kwa zamu. Anazitaka zikiwa na madoa meusi kwenye ganda la manjano. Hapo wanga mwingi umeshageuka sukari na nyama bado imeshikana. Ganda likiwa jeusi lote, utamu umezidi lakini ndizi itavurugika sufuriani. Hiyo afadhali aichome makaani na ganda lake, wavulana waigombanie. Mkono wa tembo nao unafaa. Kisukari hakifai, kwani huyeyuka kabla tui halijachemka.

Ndizi humenywa, hukatwa vipande viwili, kisha kila kipande hupasuliwa kwa urefu na kile kijiuzi cha katikati kuondolewa. Wengi huruka hatua hii. Ukiila ndizi ya aliyeiruka utamjua, maana kijiuzi kile kina ukakasi na hubaki kati ya meno.

Nazi hukunwa juu ya mbuzi, na mkunaji mzuri huacha kabla ya kugusa ile ngozi ya kahawia iliyo karibu na kifuu, ili tui litoke jeupe. Kamuo la kwanza, kasimile, huwekwa kando na kufunikwa. La pili na la tatu, yaliyo mepesi, ndiyo ya kupikia ndizi. Machicha huwaendea kaa wa ufukweni, wasiohitaji kukaribishwa.

Halafu moto. Mafiga hayawi mawe ya matumbawe, hata kama ufukwe umejaa hayo, kwa sababu hupasuka yakipata moto. Ni mawe yaleyale ambayo watu wa pwani huyachoma kupata chokaa. Kuni ni za mvinje, na vifuu huongezwa mwanzoni. Kifuu huwaka kwa ukali na kwisha upesi, basi kinafaa kuchemsha tui jepesi pamoja na ndizi, sukari na iliki iliyopondwa, mpaka ndizi zilainike na tui lipungue. Kasimile halivumilii moto wa namna hiyo. Tui ni mafuta yaliyotawanyika majini kwa matone madogo sana, yakishikiliwa na protini za nazi. Likichemka kwa nguvu, protini huganda, mafuta hupanda juu, na chini hubaki maji yenye chengachenga.

Kwa hiyo mpishi huzivuta kuni nje ya mafiga, moja baada ya nyingine, na kubakiza makaa. Ndipo humimina kasimile. Hapo mwiko hauna kazi, kwa kuwa utazivunja ndizi. Anashika upawa, anachota tui, analiinua na kulimwagia palepale, tena na tena bila haraka. Akiona kipovu kikubwa pembeni, anavuta kaa moja nje kwa kijiti. Tui likilala kimya mno, anarudisha kaa. Kijana wa nyavu akiuliza, "Babu, bado tu?" atajibiwa, "Bado, mjukuu wangu, tui halijakubali." Macho hayatoki kwenye sufuria hata anapojibu. Jiko la gesi lina kitufe cha kupunguza moto. Huyu anapima joto kwa sauti ya sufuria na kwa mikono yake miwili.

Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alisimulia jinsi wenyeji walivyompa ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, ziandamane na wali. Yalikuwa maziwa ya mnyama na ndizi hazikuwa mbivu, basi siwezi kudai ni pishi letu hili. Ila ndizi kuchemshwa ndani ya kitu cheupe na kizito ni jambo la siku nyingi katika mwambao huu.

Siku hizi wapo wanaotia arki ya vanila. Sigombani nao, ingawa iliki mpya ikiwamo, arki inakuja kuzungumza juu ya mwenzake. Chumvi ndiyo isisahaulike, chembe tu, mwishoni.

Sufuria ikiteremshwa, mpishi huwazuia watu. Tui huendelea kuwa zito linapopoa, na ndizi hunywa sehemu yake. Kisha hugawa kwa upawa uleule, vipande sawa kwa kila bakuli, kwa maana dagoni ugomvi wa chakula huwa mkali kuliko wa fedha. Hakibakizwi cha asubuhi, kwani chakula cha tui huchacha upesi kwenye joto la pwani. Kuosha sufuria kwa mchanga na makumbi ni kazi ya mdogo wa dago, naye haanzi kuosha kabla hajakwangua.